Kikao cha Dharura Kuhusu Kifaru Aliyefutwa Ubaoni

CHAMA CHA MADEREVA WAONGOZA WATALII, GETI LA MASHARIKI

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni, saa 4:00 asubuhi (kilianza saa 4:50)
Mahali: Chumba cha nyuma ya karakana

Waliohudhuria:
1. Mwenyekiti
2. Darubini, mjumbe (jina alijipa mwenyewe)
3. Shemeji, mjumbe (amemwoa dada yake Mwenyekiti)
4. Mama Pacha, mjumbe na mtuhumiwa
5. Katibu, mwandishi wa kumbukumbu hizi

Asiyehudhuria kwa udhuru: Makamu Mwenyekiti (amewapeleka wageni kuona kifaru)

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kufika kwa wakati. Wajumbe walizipokea shukrani hizo bila kuona haya. Aliomba kila mtu aseme kwa kifupi, kisha yeye akasema kwa dakika ishirini.

KUMB. NA. 2/6: MAPITIO YA UBAO
Katibu alisoma, kama ulivyokuwa Jumatatu, ubao wa getini, ambao dereva wa zamu huuandika kila alfajiri ili wageni wajue wanyama wako wapi. Simba: mawe ya chemchemi, kabla jua halijakolea, baada ya hapo ni usingizi mtupu. Tembo: bwawani, mchana. Chui: miti ya mtoni, kwa mwenye subira na shingo nzima. Nyati: popote, hasa pale gari linapokwama. Twiga hakuandikwa, kwa kuwa hajawahi kuhitaji kutangazwa.

Kifaru: Bonde la Miiba, "alionekana jana". Mwenyekiti alieleza kwamba ubao ndio uso wa chama, na kwamba Wakubwa Watano wanaofuatwa na wageni wakibaki wanne, wageni watapita geti lingine.

KUMB. NA. 3/6: SHTAKA
Mwenyekiti alieleza kwamba Mama Pacha, akiwa zamu Jumanne, alifuta "alionekana jana" akaandika "hajaonekana tangu Julai". Magari mawili ya wageni yaligeuzia hapo hapo getini. Mwenyekiti alipendekeza afutwe uanachama.

Katibu aliwakumbusha wajumbe kwamba asiye mwanachama hapitishi wageni getini, kwamba Mama Pacha hana kazi nyingine, na kwamba pacha wake wanakula kila siku. Mwenyekiti alimwambia Katibu aandike, asitetee.

Mama Pacha alipewa nafasi. Alisema, "Mwenyekiti, sijamtukana mtu. Nimeandika ninachokijua. Mimi nilimwona Julai mwaka jana. Kila ninayemuuliza yeye kamwona lini, ananiambia kamuulize fulani."

KUMB. NA. 4/6: USHAHIDI WA MACHO
Shemeji alipendekeza kila mjumbe ataje siku aliyomwona kifaru kwa macho yake. Baadaye alionekana kujutia pendekezo hilo.

Darubini alisema alimwona Jumatatu. Alipoulizwa hali ya pembe, alisema hasa aliona vumbi lake. Alipoulizwa vumbi la kifaru lina tofauti gani na vumbi la nyati, alisema swali hilo limejaa chuki.

Shemeji alikiri kwamba siku za zamu yake hufika kukiwa na giza na baridi, hunakili ubao wa jana, hubadilisha tarehe, huwahi chai. "Nilijua Darubini kamwona," alisema. Darubini alisema yeye alijua Shemeji kamwona.

Makamu alipigiwa simu huko bondeni. Alijibu kwa kunong'ona kwamba amewaonyesha wageni kichuguu cha mbali, wamepiga picha, wamefurahi, na tafadhali tusimharibie.

Mwenyekiti alisema hata taarifa ya askari wa doria inasema kifaru yupo. Mama Pacha alisema alimkuta askari huyo amesimama getini, kalamu mkononi, akiinakili kutoka ubao wetu. Mwenyekiti alisema lisemwalo lipo. Mama Pacha alimkumbusha kwamba msemo una nusu ya pili: kama halipo, laja. Aliongeza kwamba basi tumelingoja miezi kumi na moja.

Katibu naye anaomba iandikwe kwamba ameunakili ubao huo zaidi ya mara hamsini. Anaona haya.

KUMB. NA. 5/6: UAMUZI
Mwenyekiti alisema wengi wape, akaita kura. Waliotaka Mama Pacha afutwe: Mwenyekiti na Darubini. Aliyepinga: Katibu. Shemeji aliitazama dari kana kwamba jibu limeandikwa huko, kisha akapendekeza asifutwe, ila asimamishwe kubeba wageni mwezi mmoja. Mwenyekiti alikubali, Darubini akakubali kwa kuwa Mwenyekiti amekubali. Iliamuliwa pia kwamba ubao urudishwe ulivyokuwa. Katibu alipinga yote mawili.

KUMB. NA. 6/6: MENGINEYO
Mama Pacha aliuliza kama adhabu hiyo inamzuia kuingia hifadhini peke yake, bila wageni. Mwenyekiti alisema haimzuii, akauliza anakwenda kufanya nini huko na gari tupu.

Mama Pacha alijibu, "Kumtafuta. Miezi kumi na moja tumeandika yupo, ndiyo maana hakuna aliyewahi kumtafuta. Kama alivunjika mguu, aliuuguza peke yake huku sisi tunamwandika mzima. Kama walimuua, waliomuua wamelindwa na mwandiko wetu."

Mwenyekiti alimwagiza Katibu asiandike maneno hayo. Mama Pacha alichukua funguo zake akatoka. Waliobaki walitoka mmoja mmoja kuanzia saa 6:20 mchana, bila mtu kukifunga kikao.

Katibu: amesaini.

Mwenyekiti: hajasaini. Anataka KUMB. NA. 6/6 ifutwe kwanza. Katibu hajaifuta.