Maji na Ngazi ya Tatu

Jumamosi, 4 Mei
Leo tumechoma hati ya deni la nyumba! Mume wangu Norris aliitupa mwenyewe motoni, chini ya sufuria kubwa ya kamba wa mto, mahindi na viazi. Majirani wakapiga makofi. Miaka yote hii ya kulipa benki, na sasa nyumba ni yetu kabisa. Clovis wa ng'ambo ya barabara akauliza kama sasa tutaacha kula maharage kila Jumatatu kama maskini. Norris alikuwa amekunywa kidogo, akatafuta kitu kingine cha kuchoma, akaona karatasi ya bima ya mafuriko mlangoni pa friji. Nayo ikaenda. Nilicheka na wenzangu. Nina furaha leo, sina la kuongeza.

Jumanne, 7 Mei
Darlene wa ofisi ya bima amepiga simu. Kumbe benki ndiyo iliyokuwa ikitulazimisha kuwa na bima. Deni limekwisha, basi sasa ni hiari yetu – ila tusipolipa, mwisho wa mwezi bima inakatika. Nimemfuata Norris kwenye nyanya zake.

"Nyumba hii aliijenga baba yangu," amesema. "Lini maji yamewahi kupita ngazi ya tatu ya baraza?"

Nikamwambia ngazi zenyewe ni nne.

"Basi imebaki moja. Unataka nini tena, mama?"

Kwake, kulipa bima bila kulazimishwa ni kumtukana marehemu. Najua. Lakini mimi ndiye ninayelala upande wa dirisha, mimi ndiye ninayesikia mvua.

Jumapili, 2 Juni
Bima imekatika Ijumaa. Hakuna aliyelia. Jua kali, tini zinaanza kuiva. Nimepika mchuzi wa bamia na soseji, Norris amejaza sahani mara mbili. Mtu akishiba hivi, mafuriko ni habari ya watu wengine.

Alhamisi, 18 Julai
Makubwa.

Nimekwenda kumwekea mama mkwe maua kaburini, leo ndiyo siku aliyofariki. Huku Louisiana wafu wetu hulala juu ya ardhi, kwenye vijumba vya saruji, na maji yakizidi majeneza hutoka na kuelea. Babu yake Clovis aliwahi kuokotwa katikati ya shamba la miwa. Basi nafika, naona kaburi la mama mkwe limefungwa mikanda miwili ya chuma, mipya, imekazwa kwa bolti hadi kwenye msingi. La baba mkwe vilevile. Bolti zile nazijua. Norris alizinunua mwezi uliopita, eti za kukarabati banda la pikapu.

Nilinyamaza mpaka chakula cha mchana.

"Mzee, maji hayawezi kufika humu ndani, sivyo?"

"Hayawezi."

"Na makaburini, ambako ni juu kuliko hapa?"

Kijiko kikasimama.

"Mama alikuwa hajui kuogelea," akasema.

Nikamwambia na mimi sijui. Akainuka, akaosha vyombo. Nampenda sana mzee huyu, ukaidi wake na yote.

Ijumaa, 19 Julai
Norris mwenyewe amempigia Darlene, nikiwa nasikiliza jikoni. Tumelipa. Ila bima mpya haianzi hapo hapo, lazima siku thelathini zipite: itaanza Jumapili, tarehe 18 Agosti. Darlene anasema tungeiendeleza ile ya zamani, kusingekuwa na kungoja. Norris akaguna. Sikumkumbusha moto wake wa Mei. Nilingoja mpaka tukakaa kunywa kahawa, ndipo nikamkumbusha.

Jumatano, 14 Agosti
Mvua tangu jana. Wala si kimbunga, haina hata jina – mvua tu, imekaa juu yetu na haitaki kuondoka. Maji yamepita geti tangu asubuhi. Clovis kaja na boti yake, kwake yameshaingia jikoni. Boti ameifunga kwenye nguzo ya baraza letu, sasa anakula mkate wangu wa mahindi na kumtania Norris: "Hii bima yenu ya kuanza Jumapili, jirani, inafanya kazi siku za ibada tu?"

Norris hakucheka. Amekaa barazani ametazama ngazi.

Ajabu, siogopi vile nilivyodhani. Nyumba inanukia kahawa. Picha za watoto nimeziweka juu ya kabati. Naipenda nyumba hii. Sitaki kuipoteza. Hilo nalisema wazi hapa, maana kwa sauti nitalia.

Norris ameingia sasa hivi. Amekiinua kile kiti cha kubembea cha baba yake, amekipandisha juu ya meza ya chakula, polepole. Nimemuuliza maji yamefika ngazi ya ngapi.

"Ya tatu," amesema.

Kisha akauliza tena leo ni siku gani. Nimemwambia bado ni Jumatano.