Umerudi Kwenye Picha ya Harusi

Buruburu, Jumatano

Mama mpendwa,

Hujambo huko Kitui? Nyanya naye, goti limepoa au bado analikanda kwa maji ya moto? Mimi ni mzima wa mwili, lakini roho haitulii. Tangu mchana naketi, nasimama, naketi tena, na chai imepoa mezani. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yenu inapokelewa na kila anayepita, na haya ni yako peke yako.

Matanga ya Baba yanafanyika hapa kwa Baba Mdogo. Kila jioni watu wanajaa sebuleni, wanaomba, wanabishana kuhusu basi la kutupeleka Machakos kuzika. Mimi, kwa vile nachapa kazi za watu pale saiba, kwenye kompyuta za kukodisha, nikapewa kutengeneza kijitabu cha programu ya mazishi. Nimepokea picha mpaka nimechoka! Kila shangazi anataka yake na marehemu, hata wale waliokuwa hawamsalimii.

Ukurasa wa kwanza nikaweka ile ya harusi yenu, iliyokaa ukutani kwa Baba miaka yote, wewe na maua yako ya plastiki. Baba Mdogo akaitazama. "Mwende, huyo mama mtoe. Alirudi kwao mwenyewe. Hatutaki kufukua mambo ya zamani." Watu wakainamia vikombe vyao. Hata mchungaji akajifanya anakunywa chai. Nilikasirika, Mama, lakini yeye ndiye mwenyekiti wa kikao, nikakukata. Baba akabaki peke yake, vidole vyako bado viko begani mwake, na wakapitisha hivyo hivyo.

Leo nikajaribu kumpelekea mchapishaji programu hiyo kwa barua pepe. Wapi! Picha za simu za watu ni kubwa kupita kiasi, faili likawa zito, barua pepe ikalikataa. Nikasema haidhuru, kompyuta ina njia ya kubana picha zipungue uzito. Nikaifungua. Ndani yake kuna kisanduku ambacho tayari kimetiwa tiki: futa sehemu za picha zilizokatwa.

Unajua, Mama, mtu ukimkata pale haendi popote. Anafichwa tu, na faili linaendelea kumbeba. Ukivuta ukingo wa picha, anarudi. Lakini ukibana na ile tiki, amekwisha, hata mchapishaji hawezi kumrudisha. Nikaachia kipanya. Nikamkumbuka Baba pale wodini, sauti imemwisha, ananiuliza, "Mama yako amepata mvua?" Hakuulizia shamba wala ndugu zake. Aliulizia mvua yako. Nikalia palepale mbele ya wateja.

Basi nikavuta ukingo, ukatokea, wewe na maua yako. Ndipo nikazibana picha zote, faili likawa jepesi, likaenda. Mchapishaji amenipigia kwamba limefika na ameshaanza kazi. Sijamwambia mtu. Kesho Baba Mdogo anakwenda kuzichukua programu mwenyewe, na unamjua akiwaka! Kila simu ikilia nashtuka. Naogopa kweli, lakini sijuti hata kidogo.

Najua ulisema hutakuja kusimama nyuma ya watu kama mgeni. Sasa wewe si mgeni, uko ukurasa wa kwanza na mumeo. Mazishi ni Jumamosi. Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi, yule mtoto wa jirani yako, na nimemwambia aikabidhi mkononi mwako.

Nisalimie Nyanya, mwambie mjukuu wake amerithi ukaidi wake wote. Mjomba anayekulimia naye mpe salamu, na umwombe akuangalizie mbuzi siku mbili. Nitakushikia kiti mbele, kando yangu.

Njoo, Mama. Usipokuja, nitakuwa nimetukanwa bure.

Ni mimi mwanao asiyetulia,
Mwende