Mechi Tisa za Nyumbani, Zote Ugenini

Nyumba ya nyuma ya uwanja,
Potrero Yvoty,
Paraguay.
Jumatano, 11 Machi 2026.

Mpendwa mdogo wangu Rufino,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Málaga, wewe na wifi yangu Zunilda na binti yetu Araceli. Kile kikohozi chako kimekwisha? Fungu la pili la rozari ni lako tangu siku ulipopanda ndege, na sijaliruka hata jioni moja. Nasikia kwenu baridi inaanza kuondoka. Huku joto halina habari kwamba Februari imepita. Kuku wanashinda chini ya mtungi wa maji na hawataki kutaga.

Mimi sijambo, ila goti la kulia linanisumbua nikipiga magoti, na Kwaresima hii si wakati wa kusali nimekaa. Mama pia hajambo. Macho hayajarudi na daktari amesema tusiyangoje, lakini anakula mhogo wake, anakunywa tereré yake ya majani na maji baridi asubuhi, na masikio yake yameongezeka makali.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Nyumba hii unaijua: ukinong'ona jikoni, Mama anakujibu barazani. Nina mambo ambayo sitaki ayasikie. Kwa hiyo barua hii nampa Sista Adelaida, anayerudi Hispania wiki ijayo, na bahasha nimeipaka gundi mara mbili.

Hapa watu hawana mazungumzo mengine ila ratiba ya mechi. Ilibandikwa kwenye mlango wa klabu Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, na sisi tuliotoka misa tukasimama pale na vitabu vyetu vya nyimbo mkononi. Crispín, yule mpiga ngoma wa mashabiki, ndiye aliyesoma kwa sauti. Akasema mechi ya kwanza, nyumbani, uwanja wa mjini. Ya tatu, nyumbani, uwanja wa mjini. Ya nne, nyumbani, uwanja wa mjini.

"Crispín, unasoma au unakohoa?" akauliza Ña Deolinda, ambaye bado anauza chipa, mikate yake ya jibini, pale getini kama ulivyomwacha. "Nyumbani gani hiyo iko kilomita arobaini?"

"Mama, mimi nasoma kilichoandikwa."

"Basi aliyeandika hana kwao."

Watu walicheka, lakini kicheko kilikufa mapema. Mechi tisa za nyumbani, mdogo wangu, na zote tisa mjini. Chini kabisa iliandikwa sababu: ukuta wa uwanja wa Yvoty si salama kwa watazamaji. Huo ukuta ndio ukuta wetu, uliotenganisha ua wetu na goli la kusini tangu kabla hujazaliwa.

Ilianza kutafutwa shingo ya kuning'inizia lawama. Kwanza walimshuku Don Heriberto, mwenyekiti wa klabu, kwa kuwa amepaka nyumba rangi mpya na mwenyekiti wa timu inayoshuka daraja hapaki nyumba rangi. Kesho yake wakamshuku Pa'i Venancio, paroko wetu, eti alichoka kuhubiri huku ngoma zinalia. Maskini Pa'i, mwenyewe huweka redio ndogo kwenye sakristia na anadhani hatujui. Jumanne wakawashuku wale wa mjini kwamba wanataka tuwajazie uwanja wao. Ilimradi kila siku na mshukiwa wake.

Jumatano zamu ikawa yangu.

Nilikuwa nimekwenda kununua chipa. Crispín alikuwa pale na wenzake wanne wakipitisha pembe ya kunywea tereré, na nilipofika pembe ikasimama mkononi mwa mmoja wao. Crispín hakunitukana, ana adabu yule. Aliniuliza tu: "Dada Eusebia, ile hati ya marehemu Don Cirilo bado ipo?"

Nikamwambia ipo.

"Na bado inasema vilevile?"

Ña Deolinda akanifungia chipa yangu bila kunitazama. Akasema, kama anayemwambia kikapu chake, "Kikulacho ki nguoni mwako."

Unaikumbuka hati hiyo, Rufino. Baba, Mungu amlaze pema, alitoa shamba lake liwe uwanja, na kwa kuwa hakuwaamini wenyeviti aliandikisha kwa wakili kwamba uwanja ni wa klabu maadamu timu ya Yvoty inacheza pale mechi zake za nyumbani. Ukipita mwaka mzima bila hata mechi moja ya ligi, ardhi inarudi kwa watoto wake. Watoto wake ni mimi na wewe. Miaka yote tuliona ni kama kufuli la mlango ambao hakuna mwizi anayeutaka. Sasa wametokea wanaoutaka. Mwezi wa Januari alikuja mtu na vijiti na kamba, akapima kuanzia barabarani hadi kona ya mwembe, na nilipomuuliza akasema ni kwa ajili ya duka kubwa, mwenye mali ameshazungumza nao. Nikamwambia mwenye mali ni klabu. Akatabasamu na kukunja kamba yake.

Kwa hiyo watu wamefanya hesabu rahisi. Nani anafaidika timu isipocheza nyumbani? Eusebia, binti Cirilo.

Jumapili iliyofuata, wakati wa kutakiana amani, niligeuka nyuma na kumpa mkono Ña Deolinda. Alikuwa akitafuta kitu kwenye mkoba. Nikangoja. Aliendelea kutafuta mpaka Pa'i akaanza Mwanakondoo wa Mungu. Nimekaa benchi moja na mama yule miaka thelathini na moja. Nilirudi nyumbani nikakata vitunguu ambavyo sikuvihitaji, ili Mama akisikia pua yangu apate sababu.

Na Mama hajui. Au niseme, sijamwambia. Unajua Jumapili za mechi huwekewa kiti karibu na ukuta, na kitambaa chake cha kijani shingoni, na huufuata mchezo wote kwa masikio. Mwaka jana alitamka "bao" kabla uwanja haujapiga kelele, kwa kusikia tu jinsi mguu ulivyougusa mpira. Ndiyo furaha iliyombakia. Nilimdanganya kwamba ligi imeahirishwa kwa sababu ya mvua. Nimekwisha kuungama hilo. Lakini juzi aliniuliza, "Mvua gani hii, Eusebia, inayonyesha kila mahali isipokuwa juu ya bati letu?" Sina hakika ni nani anayemdanganya mwenzake.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonikalisha kuandika. Nimelizunguka kurasa mbili, kama kuku anayetafuta pa kulala.

Mkaguzi wa ligi alikuja tarehe tatu Februari, siku ya San Blas, sote tukiwa kwenye maandamano ya mtakatifu. Niliwahi kurudi kwa sababu ya dawa za Mama, nikamkuta uani kwetu, nyuma ya banda la kuku, amechuchumaa anapiga picha. Alikuwa amelisogeza banda. Nyuma yake kuna lile bati, na alikuwa amelifunua bati, na nyuma ya bati ni lile pengo.

Pengo letu, Rufino. Tulilolitoboa kwa kijiko na msumari mwaka ule Baba alipotufungia ndani siku ya fainali. Wewe ulikuwa na miaka sita, kichwa chako kilipita na changu kikakwama kwenye matofali. Baba alitutandika sote wawili, akaziba kwa bati na kusogeza banda mbele yake, maana aliona haya kwamba wanawe wamebomoa ukuta wa klabu aliyoipa ardhi. Akatuapisha tusimwambie mtu. Sikumwambia hata mume wangu hadi anakufa.

Nilimuuliza yule mkaguzi nani kamwonyesha.

"Nimeelekezwa, mama."

"Na nani?"

"Na barua. Barua imeeleza vizuri."

Alipoondoka, Mama aliniita barazani. Akaniambia maneno ambayo yamekaa kifuani mwangu mwezi mzima sasa: "Yule mtu hakupapasa. Mgeni akiingia ua wa mtu husita, husimama, huuliza. Yule alitembea moja kwa moja hadi kwa kuku, kama anayejua."

Nami nikakumbuka Krismasi. Ulipiga simu, Mama kaketi kando yangu, tukaongea habari za mkate mtamu na za Araceli, na katikati ukaniuliza, "Dada, banda la kuku bado liko palepale?" Nilicheka. Nilidhani umewakumbuka kuku.

Na uliniambia pia kwamba kodi ya nyumba huko inawakaba, na kwamba Zunilda analia.

Rufino, nimekubeba mgongoni. Tumenyonya ziwa moja. Kila usiku nilikuwa nakutetea kwa Mungu, kisha asubuhi nakushtaki mwenyewe. Nilisema, labda Baba alimwambia mtu kabla hajafa. Labda fundi aliyeezeka banda aliona. Kisha nikasema, fundi gani, banda tuliliezeka wenyewe. Nilianza kuandika barua hii mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa fupi na ilikuwa na swali moja tu, na ningekutaka ulijibu kwa kuapa kwa jina la Mama.

Nilizichana. Nakwambia kwa nini. Kila nilipofika kwenye lile swali niliuona mkono wangu pale kanisani, umenyooka, na Ña Deolinda anapekua mkoba. Yeye pia alikuwa na ushahidi. Hati ipo, jina langu limo, mpimaji amekuja. Kila kitu kilikuwa kweli isipokuwa mimi. Nikajiuliza, kama ushahidi unaweza kuwa mzuri hivyo na kunisingizia mimi, huu wangu una usafi gani?

Basi Jumamosi nilimwita Crispín nikamwonyesha pengo. Alichuchumaa akalipima kwa kiganja. Kisha akaniuliza, "Dada Eusebia, nani mwingine alikuwa analijua hili?" Nikamjibu, "Baba." Ni kweli, ila ni nusu, na hiyo nusu nyingine nitaipeleka kwa Pa'i Ijumaa. Saa moja baadaye walikuja watu kumi na wawili na matofali na saruji. Ña Deolinda hakuja, lakini alituma kikapu cha chipa, na kilipofika bado zilikuwa za moto. Don Heriberto amewaandikia ligi waje kukagua upya. Alikuja na suruali ya kanisani akachanganya saruji nayo, kwa hiyo sasa wanamshuku kwamba anataka kura.

Lakini ukuta peke yake hautoshi. Crispín alisema bila kuficha: maadamu hati iko vile, kila mwaka atatokea mtu wa kuandika barua, na kila mwaka litapatikana pengo. Mimi nilikuwa nimekwisha kuliwaza hilo. Nilikwenda kwa wakili, nikamtaka aandike karatasi moja, kwamba watoto wa Cirilo wanaliacha lile sharti na uwanja ni wa klabu moja kwa moja, mechi zichezwe au zisichezwe. Imo ndani ya bahasha hii. Sahihi yangu nimeiweka juu. Nafasi yako iko chini yake. Wakili amesema utie sahihi mbele ya balozi wetu mdogo huko, kisha Sista atairudisha kwa mkono wa watawa wanaokuja huku mwezi wa tano. Ikifika kabla ya Juni, mzunguko wa pili wanaweza kuurudisha hapa. Mwaka haujapotea.

Najua ninachokuomba. Ni ardhi ya Baba, na ni yako kama ilivyo yangu, na huko mnahangaika. Kama una shida ya kodi, niambie kama shida ya kodi. Nina ndama wawili, na Mungu hajatuacha.

Kama si wewe uliyeandika ile barua, tia sahihi, na unisamehe mimi dada yako kwa mwezi huu wa mawazo mabaya. Kama ni wewe, tia sahihi vilevile. Sitakuuliza, si kwa simu wala ukija, na watu wa hapa watabaki na jibu nililowapa. Karatasi ikirudi na jina lako, kwangu imekwisha.

Ikirudi bila jina lako, nitakuwa nimejibiwa pia.

Mama ameniuliza sasa hivi namwandikia nani, kwa kuwa anasikia kalamu. Nimemwambia wewe. Akasema nikuandikie hivi, na naandika kama alivyosema: vijana walipiga mpira jana jioni kujaribu ukuta, na mpira sasa unalia tofauti kona ile, sauti haivuji tena. Akasema, "Mwambie nimesikia. Naye atajua nimesikia nini."

Nisalimie wifi Zunilda, mwambie mbegu za mnanaa nimemwekea. Nibusie Araceli. Shangazi Benigna anakusalimu, na Crispín, anayesema ngoma yako ya zamani haijapata mwenyewe. Ña Deolinda hajasema nikusalimie, lakini jana aliniuliza kama bado unapenda chipa iliyoungua kidogo chini.

Bikira wa Caacupé akufunike kwa vazi lake la samawati, akulinde utokapo na uingiapo, na akuongoze mkono uwapo na kalamu.

Ni mimi dada yako nikupendaye, kwa jibu lolote litakalokuja,

Eusebia