Wivu Wangu Kwenye Basi la Kuzunguka Taiwan

Gaithersburg, Maryland
Tarehe 12 Oktoba 2025

Mpendwa mdogo wangu Rosemary,

Hamjambo huko Kamachumu? Goti lako linaendeleaje, na shemeji Fidelis kile kikohozi kimemwachia? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu, ila baridi imeanza na mifupa yangu imeshajua.

Senene ulizompa Ferdinand zimefika. Alizileta Jumapili baada ya misa ya Kiswahili, nami nimezificha kabatini nyuma ya unga, maana wageni wa huku wakishazionja hawaagi.

Uliniuliza kwenye simu safari ya Taiwan ilikuwaje, nikakujibu kwa mkato kwamba kisiwa ni kizuri. Siku ile mwanangu Anna alikuwa amekaa ubavuni mwangu. Leo niko peke yangu, acha nikueleze, maana nisipokwambia wewe litanikaa kifuani.

Unakumbuka Anna alipofunga ndoa na Jun hapa Maryland, mama yake Jun hakuweza kuja kwa sababu alikuwa anamuuguza mumewe. Mzee alifariki. Mwezi wa nne mwaka huu yule mama akatualika tukazunguke kisiwa chao kwa basi la watalii, ili sisi wazazi tujuane. Anaitwa Mama Lin. Ni mwembamba, mwepesi wa miguu ingawa ananizidi umri, na Kiingereza hana.

Siku ya kwanza tulipopanda basi alimshika Anna mkono, akamkalisha karibu naye. Mimi nikabaki na Jun. Wewe unajua kwetu mama hakai bega kwa bega na mkwewe wa kiume. Kijana ana adabu, kila mlima alinitajia jina, lakini nilikaa nimejibana kwenye kioo kama mzigo uliosahauliwa. Mbele yangu naona vichwa viwili vimeinamiana. Mama Lin anamenya machungwa, anampa mwanangu kipande kimoja kimoja. Na Anna anamwita Mama. Anahangaika na Kichina chake, anakosea, anacheka, anarudia tena. Huyo ndiye Anna niliyemsemesha Kiswahili tangu anyonye, akanijibu kwa Kiingereza mpaka leo. Rosemary, wivu unauma, asikudanganye mtu.

Tulifika kwenye ziwa wanaloliita la Jua na Mwezi. Maji yake ya kijani, milima imelizunguka pande zote, na ukungu unashuka taratibu kama ule wetu wa kule juu msimu wa mvua. Gatini wanauza mayai yaliyochemshwa kwenye majani ya chai, meusi kwa nje. Kila mtu alisifu. Mimi nilisema yana chumvi. Hayakuwa na chumvi.

Mlimani juu ya ziwa kuna hekalu, paa lake limejaa majoka ya rangi, na ndani moshi wa ubani mpaka macho yanawasha. Mama Lin alipiga magoti, akarusha chini vipande viwili vya mti vyekundu vyenye umbo la mwezi mwandamo. Jun akanieleza kwamba ndivyo wanavyouliza jambo na kujibiwa. Alirusha, akaokota, akarusha tena, kisha akamgeukia Anna akatabasamu. Nami nikatoka nje, nikakaa ngazini, nikatoa rozari yangu. Mungu anisamehe, nilisali kwa kushindana.

Kesho yake tulipanda milima ya Alishan. Barabara inajikunja kama utumbo, upande mmoja mashamba ya chai, upande wa pili bonde huoni chini. Tulipofika katikati, Anna akaanza kutapika. Niliinuka haraka, lakini kabla sijamfikia Mama Lin alikuwa ameshatoa mfuko, kitambaa chenye maji, na tangawizi iliyokaushwa. Vyote viliandaliwa mapema. Kisha akaweka kiganja chake tumboni kwa Anna, polepole, na hapo nikaelewa.

Basi liliposimama kwenye miti ile mikubwa, ambayo wanasema ina umri wa miaka elfu na zaidi, nilimvuta Anna pembeni. Watu wanapiga picha.

Nikamuuliza, "Una mimba?"

"Ndiyo, Mama."

"Na umemwambia yeye kabla yangu?"

"Sikumwambia. Aliona mwenyewe siku ya kwanza, harufu ya chai iliponichefua."

"Mimi nimehudumia wagonjwa Marekani mpaka nywele zimeota mvi. Mimi ndiye nisione?"

Anna aliniangalia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akasema kwa Kiingereza chake, nami nakuandikia kwa lugha yetu: "Mama, tangu tushuke kwenye ndege wewe unamtazama yeye. Yeye ananitazama mimi."

Tulisimama pale chini ya mti, ukungu ukatufunika, nikamkumbatia, nikalia, naye akalia. Furaha ilikuwepo, tena kubwa. Lakini nisikufiche, hata nikiwa nalia nilichungulia begani kwake kuona kama Mama Lin anatuona.

Usiku tulilala chumba kimoja, mimi na Mama Lin, kama hoteli zote za safari ile. Hatuna lugha. Yeye alipasha maji, akanipa chai, nikapokea kwa mikono miwili.

Upande wa mashariki kuna korongo maarufu la mawe meupe, lakini tulilipita tu, limefungwa kwa sababu ya tetemeko la ardhi la mwaka jana. Nikamwambia Jun amtafsirie mama yake habari ya tetemeko lililobomoa nyumba zetu Kagera, wewe ukalala nje na watoto, na mimi nikiwa huku napiga simu isiyopokelewa. Mama Lin alisikiliza hadi mwisho, akauliza jina lako, akalirudia mpaka akalipatia. Ni mtu mwema. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mbaya.

Sasa Anna amekaribia, ni mwezi ujao. Mama Lin anakuja Jumamosi, maana kwao aliyejifungua hutunzwa mwezi mzima, haguswi na maji baridi. Nami nimeshaomba likizo. Nikajidai mkarimu, nikasema Mama Lin alale kwangu hapa Gaithersburg, kuna nafasi na utulivu, mimi nitajibana kwa Anna na Jun kule College Park. Jun alinishukuru mno. Anna akacheka tu, akasema, "Mama, nakujua. Mtalala kwangu wote wawili, chumba kimoja, kama Taiwan."

Mwombee kwa Bikira Maria ajifungue salama. Kama ni msichana wamekubali apewe jina la mama yetu, na jina la Kichina litolewe na bibi yake wa huko. Nimekubali, nimemeza.

Nisalimie sana shemeji Fidelis, kaka Respicius na mkewe, na mwambie shangazi nilipata salamu zake. Mungu awalinde, awape mvua ya kutosha na migomba isianguke kwa upepo.

Jana nilikwenda kutandika vitanda viwili kwenye kile chumba. Cha dirishani, chenye mwanga na mandhari ya miti, nimemwachia Mama Lin, ni mgeni na ni mkubwa wangu. Mimi nimechukua cha mlangoni. Mtoto akilia usiku, wa mlangoni ndiye atakayefika kwanza.

Ni mimi dada yako nikupendaye daima,
Flaviana