Kidole cha Verediane

Gisenyi, tarehe 19 Agosti 1999

Kwako Kimenyi, mpiga gitaa wangu, mzee mwenye hasira,

Salamu nyingi zikufikie hapo Kigoma, zikukute na migebuka kwenye sahani na meno ya kuitafunia. Goti linasemaje? Wajukuu je, bado wanakuogopa au wameshakuzoea? Sisi huku ni wazima. Mke wangu Nyirasafari anakusalimu, na bado anapika maharage kana kwamba chumvi ni dawa ya hospitali. Ziwa liko mahali pake, nami niko mahali pangu, barazani kwa mafundi cherehani, nikiwaharibia kazi kwa maneno.

Barua yako ya Juni nimeipata. Umeandika kwamba hiyo ni ya mwisho. Umeandika kwamba ulinipigia simu mara tatu dukani kwa Vénantie, na mara tatu nikatuma watu waseme niko shambani, mimi ambaye sijashika jembe tangu enzi za Wabelgiji. Umeandika kwamba mwezi wa pili ulisafiri siku nne kuja kunipigia wimbo uliomtungia marehemu mkeo Libérata, na mimi nikacheka na kupiga meza kama mlevi. Unasema nisipokuwa na jibu la maana, urafiki wa miaka arobaini umekwisha. Bon. Jibu ninalo. Lakini unanijua, siwezi kufika mlangoni bila kuizunguka nyumba kwanza. Nivumilie.

Mjukuu wangu Igihozo ameolewa. Tangu barabara ya Ruhengeri itulie baada ya vita, harusi huku zinafuatana kila Jumamosi, utadhani watu walikuwa wameziweka ghalani. Kamchukua Hirwa, kijana wa Bugeshi, ukoo wa viazi na ng'ombe. Ikafika zamu ya babu kucheza. Mji huu bado unakumbuka kwamba ngoma za bendi yetu nilizipiga mimi, basi watu wakafungua duara, nikaingia. Kimenyi, nilicheza kama mbuzi juu ya mabati. Ngoma ilikwenda kwake, miguu yangu ikaenda kwake. Watu wakacheka. Nikajifanya nimekusudia, nikaongeza kiuno, nikapiga saluti. Lakini nikaona kamera inanitazama.

Kamera hiyo ni ya Verediane, mama mmoja wa miaka kama thelathini, mwenye chumba nyuma ya soko anakotengeneza kaseti za harusi. Jumatatu nikamwendea kumwomba anitoe kwenye kaseti. Alinijibu kwamba akinitoa mimi, kwenye harusi hiyo vitabaki viti na soda. Akaniambia nikae nitazame, na mdomo niufunge kama hilo linawezekana kwa mzee wa namna yangu.

Donc, basi, nikakaa, na ndipo nikaona kazi.

Ana deki mbili za video, kama mnavyoziita huko kwenu, na televisheni, na vikombe viwili anavivaa masikioni kama rubani wa ndege. Deki moja inaonyesha, nyingine inaandika. Kwanza anauweka muziki peke yake kwenye kaseti mpya, mwanzo hadi mwisho, kisha anarudi kuushonea picha. Na anashona, nakuambia! Picha inabadilika palepale ngoma inapoanguka. Bibi harusi anainua shela, pa! Pete, pa! Mama mkwe anafuta jasho, pa! Taabu ni kwamba mashine ile ni mvivu, ukiiachia inachukua muda kidogo kabla ya kushika. Kwa hiyo Verediane anaondoa kidole kitufeni kabla ya ngoma. Kidole chake kinaijua ngoma ambayo bado haijapigwa! Unakumbuka nilivyokuwa nikikugombeza, kwamba ukingoja kunisikia umeshachelewa? Huyu hakufundishwa na mtu, na analijua lile lililokuchukua wewe miaka sita.

Wakwe wamemletea pia picha za zamani. Anazibandika ukutani, anazipiga kamera moja moja, halafu anazipanga zifuate muziki, polepole pale unapokwenda polepole, mbio pale ngoma zinapochachamaa. Akikosea kidogo tu, anarudisha nyuma, anaanza upya. Picha ya babu yake Hirwa na ng'ombe wake aliirudia mara kumi na moja. Nikamwambia ng'ombe amechoka, amwache akanywe maji. Hakugeuza hata shingo.

Mwishoni akanionyesha mimi mwenyewe. Aibu yangu ameikata vipande, ameokota kila mahali mguu wangu ulipokanyaga, akaupachika juu ya ngoma. Kimenyi, nilicheza! Kushoto, kulia, kiuno, saluti, yote mahali pake, kama zamani tulipovaa zile suruali za kufagia barabara. Nikamwomba arudishe. Akarudisha. Mara ya nne vidole vyangu vikaanza vyenyewe kupiga meza yake, na fimbo ikapiga sakafu, kila picha na pigo lake. Sikukosa hata moja.

Verediane akageuka, akanitazama kama aliyekutana na mchawi. Akavivua vile vikombe vya masikioni, akaviinua mbele ya uso wangu. Akaniambia taratibu kwamba muziki wote ulikuwa unaingia humo. Ndani ya chumba hakukuwa na sauti yoyote tangu nilipoingia. Akaniuliza, mzee, hiyo ngoma unaisikia wapi?

Sasa nimefika mlangoni. Kimenyi, sisikii. Sikio la kushoto lilikufa miaka mitatu iliyopita, la kulia likalifuata kwa wivu. Watu nawasoma midomo, na wakinipa mgongo nacheka tu, maana mzee anayecheka haulizwi maswali. Nyirasafari hajagundua. Tangu nimwoe simsikilizi, tofauti ataijulia wapi? Simu ya Vénantie ningeishika niifanye nini, niinuse? Na siku ile ya Libérata niliona vidole vyako vinakwenda na meno yako yako nje, nikadhani ni ule wimbo wetu wa kuchezesha watu. Kumbe ulikuwa unalia. Niliogopa kukuambia. Mpiga ngoma kiziwi, si wewe ungekuwa wa kwanza kunicheka? Nisamehe. Hapa sitanii. Na Libérata naye, niombee msamaha kwake.

Ngoma nilidhani imeniacha. Yule mama amenirudishia kwa njia ya macho.

Kaseti inakuja kwa mkono wa Mbonigaba, dereva wa lori. Itazame kwa jirani yako mwenye deki, halafu ondoa sauti kabisa, utaona ninachoona mimi. Kisha tafuta mtu mwenye kamera, upige wimbo wa Libérata mwanzo hadi mwisho, vidole vionekane vizuri. Nitumie pamoja na picha zake zote. Verediane ameshakubali, atamweka juu ya kila mguso wa uzi wa gitaa. Mimi nitakaa mbele ya televisheni, na safari hii meza nitaigusa polepole, inavyompasa.

Wasalimie wajukuu na goti. Nyirasafari amesimama mlangoni, mdomo unakwenda. Sijui ni chakula au ni matusi, vyote nitavipokea.

Usipige simu. Andika, hata kama ni kunitukana. Nitasoma yote.

Ni mimi, ngoma yako,
Faradji