Kopo la Vifungo

Bweni la wasichana,
chumba cha mwisho, kilichopakana na vyoo (ndiyo bahati yangu)

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, goti limepunguza maumivu na yule mdogo wangu ameanza kuteka maji bila kusukumwa. Mimi mwili mzima. Roho ndiyo imechafuka, kwa hiyo ukiona mwandiko umekwenda upande, ujue ni hasira. Unanijua. Wewe mwenyewe ulikuwa ukisema mwanao huyu kazaliwa na kinyaa, kikombe kimeoshwa na bado anakiosha tena. Basi huku kinyaa changu kimepata ajira ya kudumu.

Bafuni kuna nywele za watu nisiowajua zimejiviringisha kwenye tundu la maji. Ninayelala naye chumba kimoja, tunamwita Malkia, anakatia kucha za miguu juu ya meza tunayolia chakula, na nikimwambia ananiuliza kwani kucha zina sumu? Nakula nimesimama.

Uliniuliza kwenye simu hiyo historia ya usanifu michoro ni kitu gani hasa, nami nikababaika. Ni hivi, Mama. Pakiti ya majani ya chai, boksi la kiberiti, bango la sinema, alama iliyoko kwenye sabuni, vyote hivyo kuna mtu alikaa chini akaamua herufi ziwe nene au nyembamba, rangi iwe ipi, na jicho lako lianze kutazama wapi. Sisi tunasoma watu hao walifanyaje, tangu enzi za kuchonga herufi kwenye mbao mpaka leo. Sikufichi, niliipenda. Mwanzoni nilikuwa siwezi kumeza kidonge kabla sijasifia pakiti yake, mpaka Malkia akasema nitakuja kufa na dawa mkononi.

Aliyenitibua nyongo ni mhadhiri wetu. Tumempa jina la Marashi, maana harufu yake huingia darasani kabla yake. Anatulazimisha tuvae glavu tukishika karatasi za zamani, halafu yeye mwenyewe analamba kidole ndipo azifunue. Analamba, anafunua, analamba, anafunua. Na kwake kila kitu ni kazi safi. Bango la sumu ya panya, kazi safi. Bango la sigara lenye mtoto mchanga, ah, hiyo kazi safi sana. Ukimuuliza mtoto mchanga na sigara wapi na wapi, anakwambia hujafunguka macho bado.

Sasa yale maonyesho niliyokualika, ambayo umeshashonea na gauni. Kila mwanafunzi anapewa kitu kimoja kutoka stoo ya chuo, anakichunguza, kisha anaandika maelezo yatakayobandikwa chini yake. Marashi ana sheria, na ameigandisha mlangoni kwa gundi ili isitoke: kitu kisicho na maelezo hakipandi ukutani, na asiyeandika maelezo anapata sifuri na kurudia mwaka. Mimi nikapewa bango la mafuta ya kujichubua. Hilo ndilo analolipenda kupita yote. Anataka likuzwe lifike darini, lisimame mlangoni pa kuingilia, mgeni asikutane na kitu kingine kwanza.

Lina nyuso mbili za msichana. Ya kushoto imeandikwa Kabla, nyeusi ya masizi, madoa tele, mdomo umefungwa, macho ya mtu aliyefiwa. Ya kulia imeandikwa Baada, nyeupe ya unga, inatazama juu. Chini limechorwa kopo. Darasa lilipoliona likaangua kicheko, na mmoja akasema yule wa kushoto katolewa kwenye gunia la mkaa. Marashi naye akacheka. Akatueleza kwamba wasichana wa mabango kama hayo walikuwa wakiokotwa madukani na kwenye vyuo vya ushonaji, wanaambiwa ni picha ya sabuni, na malipo yao yalikuwa katoni ya mafuta hayohayo. Akasema hayo kwa raha kabisa, utadhani mtu anasimulia harusi.

Ili nisimtazame usoni, nikalitazama kopo. Kifuniko chake kina nyota ndogondogo zilizogongwa kwenye bati, zimezunguka ukingo wote, na katikati kuna ua.

Mama, hilo ni kopo letu la vifungo. Ni kopo la chumvi. Ni makopo ya misumari ya marehemu Baba na lile la mbegu juu ya kabati. Makopo yote yale ya nyumbani, yaliyokwanguliwa kwa kisu ubavuni mpaka bati likabaki tupu, na mimi nilipokuwa mdogo nikipitisha kidole kwenye nyota nikingoja unishonee kifungo cha shule. Sikuwahi kuuliza yalikuwa ya nini. Nilidhani ni makopo tu.

Nikajiambia makopo ya namna hiyo yalikuwa kila nyumba. Lakini sikutulia, nikaenda stoo. Stoo yenyewe inanuka mikojo ya panya, unatoka huko unatamani kuvua ngozi. Nikapata bahasha yenye kazi ya bango hilo kabla halijachapwa. Ndani kulikuwa na picha imefunikwa kwa karatasi nyepesi, na juu ya karatasi bosi wa kampuni ya mafuta alimwandikia mchoraji kwa penseli. Nakunukulia, samahani: kwenye Kabla mtie giza, ongeza madoa. Kwenye Baada mng'arishe. Kote, mdomo ufungwe, mwanya usionekane.

Nikaiinua ile karatasi. Chini yake ilikuwa picha moja tu. Kabla na Baada zote mbili zilichorwa kwa brashi juu ya nakala za picha hiyo moja, iliyopigwa mara moja. Hakuna mtu aliyepakwa mafuta hata tone. Na msichana wa kwenye picha anacheka, mwanya wazi, mwanya huu ninaouona kila asubuhi nikipiga mswaki.

Ni wewe.

Sikuulizi habari za lile jiko la mafuta ya taa unalosema lililipuka likakuunguza mashavu. Ila tangu utotoni nilikuwa najiuliza jiko gani hilo, linaacha nyusi, linaacha pua, linachoma mashavu mawili sawasawa. Walikuonyesha uso wako uliotiwa rangi, wakakukabidhi katoni, nawe binti wa watu ukauamini uso wako mwenyewe. Nani asingeuamini? Kinyaa nilicho nacho si juu yako hata chembe. Ni juu ya ile penseli, na ya yule aliyeishika.

Nilikwenda kwa Marashi. Nikamwambia yule ni mama yangu mzazi, na mashavu yake yaliharibika kwa mafuta yale. Nilidhani ataona haya. Mama, alipiga makofi! Akasema hiyo ni bahati ya ajabu, nikulete, usimame kando ya bango wakupige picha kwa karibu, mashavu yaonekane vizuri, hiyo ndiyo itakuwa Baada ya kweli. Kisha akalamba kidole akaendelea na karatasi zake. Nilitoka nje nikatapika kwenye maua ya mkuu wa chuo, na sijutii.

Kwa hiyo mambo yako hivi. Jina lako sikumtajia. Maelezo bado sijaandika, na nisipoandika bango halipandi, sheria yake mwenyewe imemkaba koo. Siku ya mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo. Ukisema hapana, siandiki, nitarudia mwaka na wala usinionee huruma, nimeshazoea kula nimesimama. Ukisema ndiyo, basi maneno yawe yako. Nitumie unavyotaka kusema, nami nitayapanga kwa herufi nene, hata yakiwa matusi. Hasa yakiwa matusi. Na kuja au kutokuja ni juu yako, gauni halitaoza.

Picha iliyokuwa chini ya karatasi nimeitia humu. Ndiyo, nimeiiba. Wakiuliza nitasema panya, stoo nzima ni ushahidi. Itazame ukiwa peke yako kwanza. Nyumbani hatuna picha yako hata moja unacheka, kila mara mkono uko mdomoni, nami miaka yote nilidhani ni adabu.

Nisalimie majirani wote, na shangazi akipita mwambie namkumbuka. Mdogo wangu akiiona hiyo picha atadhani ni mimi. Mwambie si mimi, ni mama yake, kabla uso wake haujaguswa na mtu.

Ni mimi mwanao mwenye kinyaa,
na mwenye mwanya.