Kiti Kinachotazama Ukuta

Jumatatu, 3 Machi
Makala yetu imerudi! Nasema yetu, maana bila mimi ingetoka wapi? Mpwa wangu, binti wa dada, ni mtafiti chuoni. Anaandika juu ya masikio ya mafundi bati. Mafundi bati ndio sisi wa karakana, wagonga masanduku na matanki. Mimi zamani niligonga tanki moja, mji wa jirani wakadhani radi, wakaanua nguo.

Jarida halijaikataa, halijaikubali. Wahakiki wawili wameisoma, majina siri. Wa kwanza mpole. Wa pili — nimempa jina Bwana Mashaka — haamini. Watu wanaogonga bati maisha yao yote, anauliza, inakuwaje wasikie vizuri kama watoto wadogo?

Nikasema mjibu kwamba sisi si watu wa kawaida. Akacheka, si sana. Makala isipotoka, chuo hakimpi ajira ya kudumu.

Jumanne, 4 Machi
Nimewatangazia karakana: sisi watafiti tumerudishiwa kazi. Fundi mwenzetu Msumari akadakia, "Mtafiti wewe? Wa nini, wa chai ya bure?" Wakaangua kicheko. Wivu tu!

Siku ile ya kupimwa masikio nani aliwaokoa? Unavishwa visikizi masikioni, ukisikia mlio unainua mkono. Walikuwa wanatetemeka kama wanafunzi. Mimi, na darasa langu la sita — la sita la zamani, lakini! — ndiye niliyeona: kila mpwa wangu akibonyeza mashine, kitaa chekundu kinaonekana kwenye kioo cha kabati nyuma yake. Nikawanong'oneza. Taa ikiwaka, mkono juu. Tukafaulu wote. Hata Mzee Nyundo, ambaye ukimwita lazima umrushie kopo! Nilitaka binti yetu apate sifa. Mtihani ni kufaulu.

Jumatano, 5 Machi
Majirani wamegonga ukuta tena kwa ajili ya redio. Mama watoto anasema naipandisha mno. Redio yenyewe mbovu.

Alhamisi, 6 Machi
Mpwa wangu kaja na karatasi zake. Nikamshauri: mwanzo hauna chumvi, anza na lile tanki langu. Akasema, "Mjomba, kwenye makala kila neno nitaulizwa nimelitoa wapi." Kumbe! Basi mimi nisingemaliza hata ukurasa.

Halafu akanisomea swali jingine la Bwana Mashaka. Waliopimwa waliketi wakitazama wapi?

Nikapaliwa na chai.

Yeye hana habari. Ameandika ukweli: walimtazama mpimaji. Kwa hiyo atatupima upya. Jumatatu asubuhi, kabla ya kushika nyundo, masikio yamepumzika. Kiti atakigeuza, kitazame ukuta. Majibu yakiwa yale yale, Mashaka atanyamaza. "Na yasipokuwa yale yale?" nikauliza. "Nitaandika nitakachokiona, Mjomba."

Nikaosha vikombe mwenyewe. Mimi! Mama watoto akaniuliza kama naumwa.

Jumapili, 9 Machi
Karakana imefungwa. Nyumba kimya. Kuna mbu chumbani, analia mfululizo, hata hapumui. Nimemsaka kila kona na ndala mkononi. Mama watoto anasema hakuna mbu.

Jumatatu, 10 Machi
Naandikia hapa chuoni, kwenye benchi, nje ya chumba cha kupimia.

Nimeingia wa kwanza, kama kawaida yangu. Ukuta mweupe, una mkwaruzo mmoja. Nikavishwa visikizi. Mlio mzito ukaja — mkono juu. Mwingine — juu. Nikatabasamu. Halafu kimya. Nikajua anarekebisha mashine. Nikangoja. Mashine za siku hizi! Nikangoja weee, mpaka nikageuka: "Mwanangu, anza basi."

Alikuwa ameshika kalamu. Ikabidi nimtazame midomo.

"Tumemaliza, Mjomba."

Nikasema labda waya umelegea. Akavivaa visikizi mwenyewe, akabonyeza, akatikisa kichwa. Waya mzima. "Mara ile ulisikia yote," akasema. Hakuuliza zaidi. Akageuka polepole, akakitazama kioo cha kabati. Akakitazama sana.

"Niitie anayefuata."

Basi nimetoka. Wamejipanga wote kwenye benchi. Msumari anauliza, "Vipi, profesa, umefaulu?" Mzee Nyundo amening'ang'ania shati: leo taa iko wapi? Anaogopa. Anadhani asiyesikia atatolewa karakana.

Nikawaambia ngojeni kidogo, nikakitoa kidaftari hiki.

Uongo wa kuwaambia ninao, tena mtamu. Milio hufuata pumzi: vuta, toa, mkono juu. Wataniamini. Huwa wananiamini. Mkono mmoja ukipanda hapa, mwingine pale, Bwana Mashaka hataelewa kitu, na mpwa wangu naye hataelewa kitu.

Mlango uko wazi. Anangoja, kalamu mkononi.

Na hawa hapa, shingo ndefu, wanaitazama kalamu yangu. Wanadhani naandika mbinu.